Alama za Banda la Kishingo

Kila asubuhi pale Buguruni, kabla Siti hajamaliza kupiga mswaki, kuku sita wa babu yake walikuwa wameshakagua ua mzima kama mabwana afya. Walichakura, walipanda barazani, wakaacha kinyesi popote walipojisikia. Kiongozi wao alikuwa Kishingo, tetea mwenye shingo isiyo na manyoya. Siti, mwenye miaka kumi na miwili, alimlea tangu kifaranga na alimpenda kupita kiasi.

Jumamosi moja Kishingo alivuka mpaka. Aliruka mpaka kwenye kamba ya nguo, akalichafua joho la kwaya la Mama Joyceline, mpangaji wao.

"Shikamoo, mzee wangu," Mama Joyceline alimwambia Babu Mwinyimvua, joho mkononi. "Kuku wako siwachukii. Lakini kesho nikisimama kuimba, watu watanisikiliza mimi au watatazama doa?"

"Marahaba, mwanangu. Umesema kweli," Babu alijibu. "Nitawafungia. Wakikukera tena, wote nawapeleka sokoni, Kishingo wa kwanza."

Siti alimkumbatia Kishingo kifuani.

Babu, fundi wa zamani wa karakana za mtaa wa Gerezani, alikusanya mbao za makasha, wavu na bati kuukuu. Siti alishika misumari, akajigonga kidole mara mbili. Alasiri banda lilikuwa tayari: refu kama kitanda, lisilo na sakafu, lenye mishikio upande mmoja na magurudumu mawili membamba upande wa pili.

"Mgongo wangu hauwezi kusukuma," Babu alisema. "Kila asubuhi utalisogeza wewe, likae kwenye majani mapya. Kuku wakibaki palepale, kinyesi kitarundikana na wataugua."

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Halafu mvua kubwa ikanyesha. Jumatatu Siti alisukuma, akavuta, tope likarukia sare yake ya shule, banda likagoma kabisa. Akafagia pembeni, akaondoka.

"Umesogeza banda?" Babu alimuuliza jioni.

"Nimesogeza, Babu."

Uongo ulimtoka kirahisi. Jumanne ulimtoka kirahisi zaidi, na Jumatano alijibu hata kabla ya kuulizwa.

Alhamisi jioni Kishingo hakula. Alijikunyata pembeni, mabawa yameshuka. Mama Joyceline alitoka chumbani ameziba pua kwa khanga. Alimtazama Babu, akalionyesha banda kwa kidole.

Babu alichukua bakora yake, akatembea polepole kando ya ukuta. Kila mahali banda lilipolala, kuku walikuwa wamechakura majani, wakaacha alama ya mstatili.

"Alama za wiki iliyopita zote naziona," alisema. "Ya Jumatatu iko wapi, mjukuu wangu? Na ya Jumanne?"

Siti aliangua kilio. "Sijasogeza tangu Jumapili, Babu. Magurudumu yalizama kwenye tope. Niliogopa utasema kazi imenishinda, umuuze Kishingo."

Babu aliinama, akayakagua magurudumu, akatikisa kichwa. "Kumbe nami nimekosea. Nimeweka magurudumu membamba kwenye udongo huu! Ungeniambia Jumatatu, ningeyabadilisha siku ileile."

Siti alimgeukia Mama Joyceline. "Nisamehe, mama. Ukisema wauzwe, basi."

Mama Joyceline alimtazama Kishingo, kisha akajifunga khanga kiunoni. "Wauzwe nani, na mmoja anaumwa? Shika upande huo, tusukume."

Babu alifunga magurudumu mapana. Kishingo alitengwa kwenye boksi kavu, akanyweshwa dawa kutoka duka la mifugo. Siku mbili Siti hakuwa na raha hata ya kucheza. Siku ya tatu Kishingo alidonoa mtama kiganjani mwake, na Siti akalia tena, safari hii kwa furaha.

Wiki iliyofuata, asubuhi moja, Babu aliuliza swali lilelile, "Umesogeza banda?"

Siti alijibu, "Bado, Babu. Nimechelewa kuamka."

Babu alicheka mpaka mapengo yake yakaonekana. "Hilo ndilo jibu ninalolitaka. Ukisema kweli, hata kama umekosea, tutatafuta njia pamoja. Ukinidanganya, nitakusaidiaje wakati sijui una shida? Haya, kamwite Mama Joyceline msukume."

Siti alikimbia. Nyuma yake Kishingo alianza kupiga kelele bandani, kana kwamba yeye ndiye aliyecheleweshwa shule.