Kiwakili Kilichojifunza Utani

Yaliyomo humu ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, ambayo ni machache na kwa hiyo siwezi kuyachezea. Atakayesema nimetia chumvi hakuwepo Morogoro wakati wa Ukungu. Mimi nilikuwepo.

Tuanzie makaburini Kola, asubuhi. Watu hakuna. Wapo viwakili, kama arobaini hivi, wamesimama safu kwa safu kuzunguka kaburi la marehemu Kamili Banzi. Kila kimoja kina kimo cha mtu, miguu myembamba kama ya korongo, mikono ya mpira laini, na mahali pa uso kuna kioo kinachoonyesha sura ya aliyekituma. Kiwakili cha padri kikasoma sala. Vinne vikashusha jeneza bila kuyumba. Kisha vyote vikainamisha vichwa, vikalia. Chini ya kila kioo palikuwa na mirija midogo iliyotoa maji ya chumvi kwa kipimo, yasije yakalowesha nyaya. Machozi yalianza pamoja na yakakoma pamoja.

Ilikuwa kazi safi, hakuna wa kuilaumu.

Ukungu ulikuwa ugonjwa, ukaitwa hivyo kwa sababu ulisafiri kwenye ukungu wa pumzi. Ulizunguka dunia yote, toka Lima mpaka Lindi, na hata kule mwezini soko la nyanya likafungwa. Serikali zote zikatangaza sheria ya mlango mmoja: kila mtu abaki nyuma ya mlango wake. Viwakili ndivyo vilivyotoka badala yetu. Unavaa miwani na glavu za hisi ukiwa sebuleni kwako, kiwakili chako kinakwenda sokoni, kinaminya parachichi, na wewe unalisikia kidoleni kama limeiva au bado. Mwanadamu huzoea. Niliviona viwakili viwili Mji Mpya vinagombea foleni ya mashine ya kusaga, vinasukumana vifua, wenyewe wamekaa kwenye makochi wanakunywa uji. Niliona kiwakili kinaposa. Mshenga naye kiwakili, na kilidai soda.

Sasa shika jambo moja. Kiwakili hutumwa kwa njia mbili. Ukikitumia kwa mkono, wewe mwenyewe umo ndani yake: maneno ni yako, mkono ni wako, na joto la kiganja chako linafika. Ukichoka, unakituma kwa kichwa. Hapo kinajiendesha kwa akili mnemba yake, sura yako inabaki kwenye kioo, na wewe unalala.

Aliyevifundisha adabu ni Mhandisi Leokadia Banzi, binti wa huyo marehemu. Yeye ndiye aliyekifundisha kiwakili namna ya kupiga goti kwa shikamoo, namna ya kusema pole bila kuirudia mno, na namna ya kushika mkono wa mfiwa na kuuachia kwa wakati. Nchi nyingi zililinunua somo lake. Alikaa kwenye jengo la mitambo kule Kihonda, haruhusiwi kutoka, na mama yake, Bibi Filomena, alimwona kwa skrini tu.

"Mama, umekula?"

"Namsubiri baba yako."

"Mama, baba tumemzika. Uliona mwenyewe."

"Niliona mashine zinafukia shimo," akasema Bibi Filomena. "Mtani alikuwa wapi? Nani alizuia jeneza? Nani alivaa koti la baba yako akamtukana? Mtu hazikwi kimyakimya kama paka."

Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mluguru akifa, Mnyamwezi huja kuvuruga msiba. Hulala mlangoni, humsema marehemu vibaya, hudai alipwe ndipo apishe. Wageni hushangaa. Wenyewe tunajua kwamba mtani ndiye pekee mwenye ruhusa ya kulitamka lile neno, kwamba fulani amekufa, na kulitamka kwa sauti.

"Tena kwa glavu zangu nilipeana mikono na wote," mama akaendelea. "Viganja vyote vilikuwa na joto moja, kama chapati zilizotoka kikaangoni kimoja."

Leokadia alielewa. Viganja huwa na joto moja pale viwakili vyote vinapokuwa vimetumwa kwa kichwa. Watu walikuwa wamezika mno mwaka ule, wakachoka. Na chake mwenyewe siku ile kilikuwa kwa kichwa, maana alikuwa anasimamia mitambo ya misiba mingine.

Wiki zilipita. Bibi Filomena alipakua sahani ya mumewe kila mchana, akakaa mbele yake, yake haigusi. Kitenge kikaanza kumpwaya. Daktari akampigia Leokadia akamwambia wazi: kama bibi hatakula mpaka matanga yatakapoanuliwa, watampeleka wodi ya mirija. Wazee waliopelekwa huko kwa sababu ya kukataa kula, hakuna aliyewaona wakirudi.

Leokadia akafanya kama afanyavyo mhandisi. Akatafuta maelezo ya utani kwenye maktaba, akakilisha kiwakili kimoja, akakituma kwa mama yake.

Kikapiga goti mlangoni. "Mama, kwa idhini yako ningependa kumtania marehemu. Je, upara wake ulikuwa mkubwa? Jibu ndiyo au hapana."

"Toa hiki kitu mlangoni kwangu," akasema Bibi Filomena.

Kosa lilikuwa kichujio cha staha. Kila kiwakili kilikuwa nacho, kwa agizo la wakubwa, kisije kikamtusi mtu barabarani. Utani uliopita kwenye kichujio hicho ulitoka kama chai iliyochujwa mara saba.

Ndipo Leokadia akamkumbuka Mihayo. Huyu alikuwa mzee wa Kihonda, Mnyamwezi, fundi mstaafu wa breki za treni, aliyefanya kazi karakana moja na Banzi maisha yao yote. Mtu mtanashati, mwenye akili nyingi, na sura ambayo wanawake wa wakati wake hawakuisahau. Naitaja sifa hiyo kwa sababu ni kweli. Banzi alipokufa, Mihayo alikuwa kitandani na Ukungu, hajui asubuhi wala jioni.

"Shikamoo, baba," Leokadia akasema kwenye skrini.

"Marahaba. Nani huyo mwenye pua ya Banzi?"

"Ni Leokadia."

"Pole, mwanangu. Baba yako amekufa bila kuniaga. Hiyo ndiyo tabia ya Waluguru."

Leokadia hakujua acheke au alie. Akamweleza habari ya mama yake, kisha akamwomba arekodi utani wake wote, mashine ijifunze.

"Utani hauna rekodi," Mihayo akasema. "Unamtaka mtu mbele yako, umwone anavyonuna. Niruhusu niingie mwenyewe kwenye hicho kiwakili."

"Wewe bado uko kwenye orodha ya wagonjwa, baba. Wagonjwa hawaruhusiwi kuendesha. Mmoja alizimia hapa juzi, kiwakili chake kikatumbukia mtaroni na mtoto wa watu mkononi."

Mzee akakubali, tena upesi kuliko ilivyompasa. Akarekodi mchana baada ya mchana, akikohoa na kunywa maji. Akaomba pia miwani na glavu za hisi, ili mashine, alisema, ijifunze na mikono yake inavyokwenda. Zikapelekwa. Kazi ilipoisha Leokadia akasahau kuzidai. Wahandisi wana mengi.

Siku ya kuanua matanga, Leokadia akakitoa kiwakili kimoja kichujio cha staha bila kuomba ruhusa kwa mtu, jambo ambalo lingeweza kumfukuzisha kazi. Akakituma kwa kichwa. Nasema kwa kichwa, na nasisitiza: ndani hamkuwa na mtu.

Bibi Filomena alikuwa amekaa na viwakili vichache vya majirani. Cha Leokadia kilikuwepo pia, na safari hii aliingia kwa mkono. Kile kingine kikafika, kikanyunyiziwa dawa kizingitini, kikaingia. Hakikupiga goti. Kikachukua koti la reli la Banzi lililoning'inia nyuma ya mlango, kikalivaa mbele nyuma, kikajilaza kizingitini.

"Hapiti mtu hapa," kikasema. "Nani amekufa humu?"

Jirani mmoja akalitaja jina la marehemu.

"Mnasema Banzi? Waongo. Banzi hawezi kufa. Kufa kunataka juhudi."

Kiwakili kimoja cha jirani kikasogea nyuma. Bibi Filomena alikitazama kizingiti bila kupepesa.

"Namfahamu mimi. Alikuwa mvivu hata kivuli chake kilimtangulia kukaa. Nawapa pole mbao za kitanda cha humu, zimekoromewa hadi zikapasuka. Mtu aliyepewa spana saa mbili, saa sita bado anaiuliza habari za nyumbani. Na mchuzi? Akija kwako kula, ficha sufuria, atalamba mpaka jina la kiwanda lifutike."

Bibi Filomena akabana midomo.

"Msinifanye nianze habari za harusi yake. Bwana harusi akataka kumpigia mkewe tarumbeta. Akapuliza, ikagoma. Akavuta pumzi, akapuliza tena, macho yamemtoka kama ya chura. Likatoka paja la kuku, likamwangukia katekista."

"Mwongo wewe," akasema Bibi Filomena. "Paja lile uliliweka wewe."

Na akacheka. Kilikuwa kicheko kama bomba lililokatiwa maji siku nyingi: kwanza likakohoa, halafu likatoa kutu, halafu maji yenyewe yakaja. Akajishika mbavu. Kisha akakatisha, akakiinamia kile kiwakili.

"Mihayo."

Kiwakili kikasema kwa adabu kamili, "Samahani, huduma hii haipatikani kwa sasa."

"Mihayo, toka humo."

"Mteja wetu mpendwa..."

"Nilikuona na hilo paja," akasema Bibi Filomena. "Nilikuona nikiwa na shela kichwani, nikanyamaza. Kamili amekwenda kaburini akiamini ni shangazi yake. Nani mwingine angelijua?"

"Mama, labda ni rekodi," Leokadia akasema. Halafu sauti yake ikapungua. "Hapana. Hiyo haikuwemo kwenye rekodi."

Basi. Mmeshaelewa, na mimi sina pa kujificha. Mihayo ni mimi. Habari ya sura nzuri inabaki palepale, lakini ile ya mashine kujifunza yenyewe, ifuteni.

Nilikuwa Kihonda, nimelala kwenye sakafu ya sebule yangu, miwani usoni, glavu mikononi, nimevaa shuka mbele nyuma. Kiwakili kilichofundishwa kwa glavu zile kilikuwa bado kinazipokea, nami nikaingia ndani yake bila kubisha hodi.

"Shemeji," nikasema.

"Mwenzako amekufa, Mihayo."

Nilikuwa na mzaha tayari, mzuri sana, juu ya miguu ya Banzi. Ulikataa kutoka.

"Amekufa, shemeji. Na mimi sikuja kumzika."

"Amekufa kweli," akasema, kama mtu anayesoma neno kwa mara ya kwanza. Akaketi chini karibu na kiwakili, akalia kwa sauti, na majirani waliokuwa ndani ya viwakili vyao wakalia, kila mmoja kwa wakati wake. Miwani yangu ikajaa ukungu, huu wa kawaida.

Alipomaliza akauliza kama jikoni kuna unga. Kiwakili cha Leokadia kikasonga ugali, ukajaa madonge. Bibi Filomena akaula wote huku akilalamika kwamba binti amesomeshwa bure.

Leokadia hakunifokea. Ingekuwa afadhali. Aliniambia, "Baba Mihayo, nilikuwa nimeshaanza kupeleka taarifa kwamba mashine imejua utani. Miji mingine wameomba wapelekewe. Ningewapelekea nini, wakati mashine yenyewe haijui utani? Wafiwa wangekaa wanamsubiri mtani, na hakuna."

"Ifute taarifa."

"Nimeifuta. Sasa utalipa."

Nikalipa. Nilipotolewa kwenye orodha ya wagonjwa, alinikalisha na glavu kila palipokuwa na msiba wa Mluguru, na akanifanya niwaamshe wazee wote wenye magoti mabovu na midomo mizima, kila mmoja akawatukane watani wake. Nimevuruga misiba mpaka sauti imenikauka. Na Leokadia akabadilisha jambo moja kwenye viwakili: makaburini hakiendi kitu kwa kichwa. Usipoweza kuja, usitume. Palepale Kola, mahali ambapo paliwahi kujaa arobaini, siku nyingine vilifika vitatu. Mfiwa akivishika mikono, kimoja baridi, kimoja moto, kimoja kinatetemeka.

Nilidhani hapo tumemalizana. Bibi Filomena akapiga simu.

"Mtani akishikwa analipa kuku."

"Shemeji, kwenye janga hili? Nina kuku mmoja tu, Sikuzani. Ndiye ninayeongea naye."

"Ataongea na mimi."

Sikuzani alikwenda Mji Mpya kwapani mwa kiwakili, akipiga kelele njia nzima, watoto wakimchungulia madirishani. Nilimpeleka kwa mkono, mwenyewe. Bibi Filomena alifungua mlango, akampokea, akampima uzito kwa kumrusha kidogo.

"Huyu ni kuku, au ni picha ya kuku?"

Kisha akakishika kiwakili mkono. Kule Kihonda glavu zikanibana vidole, zikanibana sana, na hazikuachia kwa wakati ule ambao Leokadia amezifundisha kuachia. Sijui alikuwa ananishukuru au ananitia adabu kwa uongo wangu. Sikuuliza.

"Na mafuta ya kumkaangia yako wapi, Mnyamwezi wewe?"

Nikavua glavu, nikaenda jikoni kutafuta mafuta.