Taa ya Dagaa Sebuleni

Nilifika dukani kwa Masalu, hapa Bakoba, adhana ya magharibi ikianza. Nilitaka taa ya tangi la samaki. Ni tangi la kioo, lita arobaini. Mwanangu Ismael alilitengeneza mwenyewe, akapanda ndani majani aliyoyatoa ziwani. Taa yake ilikuwa imeungua. Majani yalianza kugeuka manjano.

Ismael hakuwepo kuyaangalia. Miezi miwili iliyopita, mtumbwi uliokuwa ukimpeleka visiwani Muleba ulipinduka. Walizama watu saba, yeye akiwemo, na mmoja wao mtoto wa miaka mitatu. Hakuna aliyepatikana. Tulimswalia mwanangu bila mwili.

Sikumwambia Masalu. Yeye alivua dagaa kisiwani miaka kumi na miwili kabla ya kufungua duka la taa.

"Taa ya samaki walio hai?" Akacheka. "Nyie Wahaya! Sisi kule tulilala na koroboi, nyie samaki mnawawashia umeme sebuleni."

"Samaki wa kwetu wamesoma," nikamjibu.

Alicheka tena, kisha akashika kazi. Akanitolea mkanda mwembamba wa LED. "Chukua huu. Wati kumi na mbili, mwanga mweupe kama wa mchana. Majani yanaupenda. Masaa manane tu kwa siku, halafu zima. Ukizidisha, mwani utafunika kila kitu."

Nyuma yake ilining'inia taa nyingine, nene, imezibwa kwa mpira isiingie maji.

"Na ile?"

"Ya kuvulia dagaa usiku hiyo. Kali mno kwa tangi." Akashusha sauti. "Tena usiipeleke nyumbani, mama. Mtu akizama, kisiwani hatuiwashi upande ule mpaka apatikane."

"Kwa nini?"

"Inaita."

"Inaita nini?"

"Kilicho chini. Na haichagui."

Nilinunua ile ya dagaa.

Niliiwasha baada ya swala. Maji yakang'aa hadi kwenye mchanga. Samaki wawili wa Ismael, furu wadogo wa ziwani, wakajificha nyuma ya jiwe. Niliiacha ikiwaka mpaka alfajiri. Usiku wa pili vilevile. Wa tatu vilevile.

Usiku wa nne ilikuja harufu. Matope, na dagaa wabichi. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Kisha mlio.

Tk... tk... tk...

Kama kucha kwenye kioo. Ulitoka ndani ya tangi.

Asubuhi binti yangu Sumaiya aliita kutoka sebuleni. Mwani ulikuwa umeutandaza ukijani wake kwenye kioo, upande wa ndani. Katikati palikuwa na alama ya kiganja.

"Mama, nani ametia mkono humu?"

"Ni konokono. Wanakula mwani."

Konokono huacha njia nyembamba. Hii ilikuwa na vidole vitano vizima.

Haikuwa ya Ismael. Alipokuwa na miaka tisa, mashine ya kukobolea kahawa kule Kamachumu ilimkata nusu ya kidole cha shahada. Kiganja chake ningekijua hata gizani.

Sikuzima.

Viganja viliongezeka. Kimoja kipana. Kimoja chembamba, chenye alama ya pete. Usiku wa tisa, chini kabisa karibu na mchanga, kilitokea kimoja kidogo, ambacho kingeenea kwenye kisosi.

Nilipiga magoti. Nikaweka mkono wangu juu yake, kwa nje. Kioo kilikuwa na joto, pale tu.

Nililia mpaka adhana ya alfajiri.

Siku ya kumi nilirudi kwa Masalu. Nilimweleza habari za viganja. Alinitazama.

"Ulikuwa na mtu kwenye ule mtumbwi."

"Mwanangu."

Alikaa juu ya kreti.

"Zima, mama. Wakishaitwa ndani ya tangi hawana njia ya kurudi ziwani. Na kutoka hawawezi."

"Umejuaje?"

Alichukua ule mkanda wa wati kumi na mbili, akaufunga kwenye gazeti, akanipa. "Okoa majani yake, angalau."

Nilimwelewa. Majani hayo ndiyo kitu pekee ambacho mikono ya Ismael iliacha hai, na taa yangu ilikuwa ikiyaua. Limebaki shina moja, limefunikwa na mwani hadi nchani. Furu walikufa juzi.

Sumaiya amehamia kwa shangazi yake, Buganguzi. Alisema anasikia watu wakipumua sebuleni. "Wengi, mama," alisema, akifunga begi. "Unawasikia na wewe. Usinidanganye."

Mkanda wa Masalu uko mezani, bado umo kwenye gazeti. Ukiwashwa leo, huenda shina likapona.

Mchana huu nimevipitia viganja kimoja kimoja. Ni vya watu sita. Vyote vina vidole vizima.

Adhana ya magharibi imeanza.

Naiwasha ya dagaa.