Maua ya Mstari wa Tabea

Enzi zile za Mwingereza, kila alfajiri Tabea wa kijiji cha Akheri aliteka maji mferejini. Jumamosi moja, siku chache baada ya mvua za kwanza, alitoka na ndoo akabaki mdomo wazi. Loo! Shamba zima lilikuwa jeupe! Jana mikahawa ilikuwa kijani tupu. Leo kila tawi limejaa maua, na harufu yake tamu imefika hadi jikoni. Huko juu, Mlima Meru ulionekana wote, bila wingu hata moja. Tabea akasahau maji.

"Kesho mchungaji mgeni anakuja!" Hanna, binti wa jirani, alimwita kutoka ng'ambo ya mfereji, kisu mkononi. "Nakata maua yangu yote nisuke taji kubwa. Kanisa zima litanigeukia! Kata na wewe, usizubae."

Tabea alitamani, tena sana. Akachukua kisu, akaukimbilia mstari wa mikahawa aliopewa na baba yake autunze. Kahawa ya mstari ule ndiyo ingemnunulia sare ya shule ya kati. Bila sare, masomo yangeishia hapo. Akashika tawi, akainua kisu.

Hebu ngoja kwanza, alijiambia. Taji hili nitalivaa mpaka lini? Akafumba macho, akajiona kanisani, watu wakimtazama. Akajiona Jumatatu, taji limeshatupwa. Kisha akauona msimu wa kuchuma: tawi tupu, wenzake wanakwenda shule, yeye amebaki. Alipofumbua macho akayatazama tena maua yale, akapigwa na butwaa. Jamani, kila ua lingekuwa tunda la kahawa! Akashusha kisu.

Jumapili Hanna alisifiwa kweli kweli. Tabea aliumia, tusidanganyane. Lakini kabla mahubiri hayajaisha, maua yalikuwa yamenyauka, yanamlalia Hanna masikioni.

Msimu wa kuchuma ulipofika, mama yangu we! Matawi ya Tabea yalipinda kwa matunda mekundu. Hanna alipoona yake karibu matupu alilia, na Tabea akaenda kumsaidia kuchuma matunda machache yaliyosalia.

Siku ya kujaribu sare, mama yake, Kaanaeli, alimfunga vifungo taratibu.

"Siku ile ya maua nilikuona na kisu," alisema.

Tabea alishtuka. "Mbona hukunikataza, mama?"

"Niliogopa, mwanangu, lakini nikakuacha. Huko shuleni sitakuwepo kukukataza. Nilitaka kujua kama unaweza kusimama, ukafikiri, ukajikataza mwenyewe. Sasa nenda. Sina wasiwasi."