Spika za Ukumbi wa Mpwapwa

YAH: OMBI LA KUREJESHA SPIKA MBILI (2) CHAKAVU ZINAZODAIWA KUITA WATU KWA MAJINA

Hicho ndicho kichwa cha barua iliyopokelewa mwishowe. Nimekaa masjala miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, nimepitisha barua za kila namna, pamoja na ya marehemu aliyetakiwa ajieleze kwa utoro. Lakini hii niliiandika mwenyewe, mara nne.

Spika hizo alizinunua mdogo wangu Denis kwenye mnada wa vifaa chakavu wa chuo kimoja cha Mpwapwa. Zilikaa ukumbini huko tangu enzi za baba zetu: masanduku ya mbao yanayofika kiunoni, kitambaa cha hudhurungi mbele, namba ya mali ubavuni kwa rangi nyeupe. Denis ni mpima ardhi, na anaamini kila kitu cha zamani kilipimwa vizuri zaidi. Alibadilisha waya, akabandika karatasi iliyochanika ndani, akaziunganisha na amplifaya sebuleni kwake Mkonze.

Jumapili ile tulisikiliza tangu kutoka kanisani hadi chai ya jioni. Sabufa za siku hizi zinakusukuma kifuani kama mgambo. Hizi zilikukaribisha ukae. Gitaa lilikaa kushoto, ngoma ikakaa nyuma yake, mwimbaji akavuta pumzi kabla ya kuanza, na pumzi ile ukaisikia. Hilda, mke wa Denis, alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama mlangoni.

"Huyu mpiga gitaa ana kucha ndefu," akasema.

"Huyo ndiye mke," Denis akaniambia. "Wengine wangeuliza nimezitoa jalala gani."

Hilda alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na kanisani aliimba sauti ya pili. Kwa maneno mengine, aliishi kwa koo lake.

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, umeme ulikatika. Wimbo ukafa katikati. Denis akachomoa waya za spika, asije akaunguziwa umeme ukirudi kwa nguvu. Tulikuwa wawili sebuleni. Jua kali dirishani.

"Hilda."

Sauti ya mzee. Tulivu. Ya mtu anayetaka aletewe maji. Ilitoka kwenye spika ya kushoto.

Hilda alilelewa na bibi yake. Mkubwa akikuita huulizi ni nani. Unaitika kwanza, mengine baadaye.

"Abee," akaitika kutoka jikoni, akaja akijifuta mikono kwa kanga. "Shemeji, umeniita?"

"Hapana."

"Denis?"

Denis alikuwa anatazama waya zilizomo mkononi mwake.

"Basi nani kaniita?"

Mwishoni mwa swali hilo sauti yake ilikwaruza. Kidogo tu.

Jumatatu alifundisha kwa kunong'ona. Jumatano hakufundisha kabisa. Daktari alimmulika koo, akaandika kwamba ni zima, akampongeza. Jioni Denis akaweka santuri ya kwaya ya wanaume watupu. Wanaume wanane, majina yao yako kwenye jalada. Tulisikiliza. Tukahesabu. Kulikuwa na wa tisa, mwanamke, chini kidogo ya wengine, safi kama maji.

Sauti ya pili.

"Nazichoma," Denis akasema, tayari amesimama.

Hilda alivuta daftari la mwanafunzi, akaandika kwa kalamu nyekundu: *Usizichome. Nimo.*

Chini yake: *Mzee anataka kwao. Apokelewe.*

Akasita. Kisha: *Mkiitwa, msiitike.*

Basi tukaenda Mpwapwa. Afisa ugavi wa chuo kile anaitwa Anthony, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo mzee. Sasa, kitu kilichouzwa kimefutwa kwenye daftari la mali. Hakipo."

"Marahaba. Kipo kwenye gari, hapo nje."

"Kwa macho, sawa. Kiofisi hakipo. Nikipokea, nitakuwa nimepokea nini?"

"Ndugu yangu," Denis akasema, "mke wangu anapotewa na sauti."

"Pole sana. Spika zenyewe zina kasoro gani?"

"Zinaita watu."

"Kwa mikwaruzo, au vizuri?"

"Vizuri."

"Basi hazina kasoro."

Akatushauri tuandike barua. Ya kwanza ilirudi kwa kukosa namba ya kumbukumbu. Ya pili ilipelekwa kwenye kamati, na kamati haikutimia kwa kuwa mjumbe mmoja alikuwa kwenye kamati nyingine. Ya tatu ilikuwa kurasa mbili. Nilieleza kila kitu, pamoja na yanayompata anayeitika. Anthony aliipima kwa vidole bila kuisoma.

"Ukurasa mmoja, mzee. Haya ya mtu kuitika sijui kufanyaje, toa. Tunataka hoja. Na uweke 'zinazodaiwa'."

Nikayatoa. Nikaweka "zinazodaiwa".

Kila tuliporudi Mkonze tulimkuta Hilda amepungua. Wiki ya tatu hata kikohozi chake hakikuwa na mlio. Akilia, ilibidi umtazame ndipo ujue. Denis alikuwa ameacha kula. Nilitamani kumkaba mtu koo, na nilijua la nani.

Safari ya nne tuliambiwa zitakaguliwa. Asubuhi, saa tano kasoro, tukaziweka juu ya meza ya Anthony, bila waya wowote. Alijaza hati ya mapokezi nakala tatu kwa karboni, akaikunja yetu, akatukabidhi. Kisha akainama mbele ya kitambaa cha hudhurungi.

"Mbona kimya?"

Kimya kweli. Feni ilikuwa imesimama. Nje mtu alikuwa anafagia. Ufagio ukanyamaza.

"Anthony."

Sauti ileile. Tulivu.

Akanyooka. Akafunga kifungo cha koti, kama mtumishi aliyesikia mkubwa wake mlangoni. Akavuta pumzi.

Denis alinitazama. Nikamtazama Denis. Muda ulikuwepo. Neno moja lingetosha.

"Naam, mkuu," Anthony akasema.

Hilda alitupokea getini Mkonze. "Mmechelewa," akasema, kwa sauti yake mwenyewe. "Chakula kimepoa."

Denis akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akalia.

Hati tuliifungua usiku, mezani. Mwandiko ni wa Anthony, umenyooka, hauna kufutwa hata mahali pamoja. Aliijaza mbele yetu, kabla hajaitwa.

*1. Spika za mbao, mbili. Hali: chakavu.*

*2. Sauti ya mwanamume, moja. Hali: nzuri.*

Saini. Muhuri.

Hilda amerudi darasani. Anthony bado yuko kazini. Ukimuuliza kitu anakuandikia. Watu pale chuoni wanasema amerogwa, na wanatafuta aliyemroga. Kilichotokea ni hiki: alituambia tufute onyo, tukalifuta, kisha alipoitwa tulikuwa hatua mbili kutoka kwake, tunajua, na tukanyamaza.