Usijibu Mpaka Shata Ifunge

"Dada, umepita na picha yangu."

Damaris alisimama katikati ya soko la Balad, Jeddah, pindo la abaya yake nyeusi likiwa na vumbi. Mwanamume mrefu, shati la samawati limenyooshwa pasi vizuri, alikuwa ameshika kamera huku wapagazi wakimzunguka na mikokoteni.

"Nimepita nayo wapi, na mikono yangu mitupu?"

"Nilikuwa nangoja njia iwe wazi nipige ile nyumba. Imekuwa wazi, ukatokea."

"Basi tafuta soko lisilo na watu."

Akacheka. Alikuwa Mkenya kama yeye, na kumbe walikuwa wanaelekea mahali pamoja: darasa la picha la wanaoanza, lililofundishwa kila Ijumaa katika nyumba ya kale na Lina, binti wa familia ya Kizanzibari iliyohamia Jeddah tangu enzi za babu zake. Kamera zilikuwa chache, wanafunzi wakagawanywa wawili wawili. Damaris alipangiwa yule wa shati la samawati. Jina lake Reuben, dereva wa familia moja ya mtaa wa Suwaidi, Riyadh, iliyokuja Jeddah kwa likizo.

"Zungusheni kidude cha juu mukitie kwenye M," Lina aliwaambia. "Hapo kamera haikuamulieni kitu. Tundu la lenzi mutaliamua nyinyi, na muda wa shata, kile kilango cha ndani, kubaki wazi mutauamua nyinyi. Na hiki kipimo cha mwanga musikiamini sana. Hakijui nyeusi wala nyeupe. Kinataka kila kitu kiwe kijivu."

"Kama madam wangu," Damaris alinong'ona, na Reuben akajifanya anakohoa.

Damaris alikuwa na sababu yake ya kuja. Mama yake alifariki Kisii yeye akiwa huku kazini, na hakupata ruhusa ya kwenda kumzika. Picha ya mwisho aliyotumiwa ilipigwa kwa simu, mlangoni. Migomba ya nyuma ilionekana jani kwa jani. Mama alikuwa kivuli tu. Damaris aliifungua kila asubuhi akiyatafuta macho yake. Hakumwambia mtu.

Ijumaa zikafuatana. Walizoea kugombania kamera, kisha wakazoea kutoigombania. Siku ya mwisho kabla familia haijarudi Riyadh, Reuben alimsimamisha mbele ya ukuta mweupe wa matumbawe, jua likiwaka.

Picha zilifika kwenye simu ya Damaris akiwa jikoni kwa madam, mtaa wa Nuzha. Ukuta ulipendeza, kila jiwe na jiwe lake. Uso wake ulikuwa doa jeusi.

Risper, aliyefanya naye kazi nyumba hiyo, alichungulia begani. "Huyu alipenda ukuta. Wewe ulikuwa unamzibia."

Reuben alipopiga simu, sauti yake ilikuwa na furaha. "Umeziona, mrembo?"

"Nimeziona. Uambie ukuta asante."

"Dama, unanitania ama umekasirika?"

"Mkataba wangu unaisha, Reuben. Madam anauliza kama nitaongeza ama nitaenda nyumbani. Nilikuwa nangoja useme kitu. Kumbe hata uso wangu hukuuona."

Akakata. Siku zilizofuata simu ilipoita, aliilaza kifudifudi mezani.

Kisha zikaingia picha za Ephraim. Ephraim alikuwa dereva mwenzake Reuben, mweusi kama Damaris, amesimamishwa mbele ya ukuta mweupe huko Suwaidi. Katika ya kwanza alikuwa kivuli. Katika iliyofuata ilitokea pua. Mbele kidogo yakatokea mashavu, halafu macho yenye usingizi, mpaka Ephraim akawa Ephraim kamili, na ukuta nyuma yake ukayeyuka wote.

Chini Reuben aliandika: "Nilikiamini kipimo. Kiliona ukuta mweupe, kikaniambia nipunguze mwanga, nikatii. Ephraim amesimama juani mpaka anadai chakula. Hii ya mwisho ukuta umeharibika. Acha uharibike."

Damaris alicheka peke yake, kisha machozi yakamtoka. Akapiga. Akamweleza habari ya mama na ule mlango.

Reuben akasema, "Ningejua, nisingekutumia zile."

"Ungejuaje? Sikukuambia."

"Usiongeze mkataba kwanza. Ijumaa namleta bosi wangu Jeddah. Ningoje."

Ijumaa hiyo darasa lilikuwa ndani, katika ukumbi wa giza giza uliopata mwanga wa dirisha moja la mbao. Lina aliwafundisha kuacha shata wazi muda mrefu, kamera ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu. Damaris alisimama kando ya dirisha, mtandio wa rangi ya zambarau begani.

"Ukitikisika utakuwa moshi," Reuben alimwambia. "Ukiongea, mdomo utapotea."

"Na kupumua?"

"Kidogo kidogo. Yalla, haya, nafungua."

Shata ikafunguka.

"Sasa nisikilize, maana leo huwezi kunikatia simu," alisema taratibu. "Nenda nyumbani, mpenzi. Ukamwone mama pale alipolala. Nikipata likizo nitakufuata, nije kwenu na wazee wangu. Nataka kukuoa, Damaris. Usijibu mpaka ifunge, utaharibu picha."

Damaris alikaza shingo. Macho yalimjaa machozi, hakuyapepesa. Shata ilikuwa bado wazi. Alitabasamu, akajaribu kulirudisha tabasamu, likakataa.

"Halas, basi," akasema. "Nimekubali. Uje."

Shata ikafunga. Lina alikuja kutazama kioo cha kamera. Dirisha lilikuwa safi, mtandio safi, macho safi.

"Mdomo umepotea," alisema. "Rudieni."

"Haturudii, mwalimu," Reuben akamjibu. "Hapo ndipo alipokubali."