Kinyama cha Shingoni na Dawa ya Chupa

Mshonaji alikuwa na vinyama viwili vya ngozi. Kimoja shingoni, pale futi ya kupimia inapokaa kutwa nzima. Kingine kwenye kope. Vidogo, laini, haviumi. Lakini siku moja mteja aliyekuwa akipimwa alirudi nyuma.

"Usinisogelee sana, mama. Visije vikaniambukiza."

Vinyama vya namna ile haviambukizi. Mshonaji hakulijua hilo, akaona aibu.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa pembeni akitia vifungo vya shati. Akacheka.

"Wifi, utafukuza wateja wote, tule nini? Nitakuletea dawa ya chunjua. Tone moja, kinadondoka chenyewe."

Akaleta chupa ndogo, haina hata maelezo. Mshonaji alianza na cha shingoni; cha kope alikiogopa, na heri aliogopa. Dawa ilikuwa tindikali. Kinyama kilidondoka, ngozi nayo ikaungua. Kidonda kikatunga usaha. Kilipopona kikaacha kovu nene, linawasha, kubwa kuliko kinyama chenyewe.

"Si kilitoka lakini?" wifi alisema.

Mshonaji alikwenda kliniki ya ngozi na hasira zake. Daktari, mama wa makamo, aliiona futi ikichungulia mkobani, akawasha taa akamtazama shingo, kisha kope.

"Wewe fundi, unakata kitambaa kabla hujapima?"

"Nilipewa dawa na wifi yangu."

"Mficha uchi hazai. Ungekuja kwanza, ningekwambia vinyama hivi havina madhara, unaweza hata kuviacha. Ila kinachokua haraka, kinachobadilika rangi au kutoka damu chenyewe, hicho hakingojei."

"Sasa njia ipi bora?"

"Inategemea kinyama na mahali kilipo. Kugandisha kwa baridi kali ni haraka, lakini ngozi nyeusi kama yetu inaweza kubaki na baka jeupe. Kuchoma kwa umeme hupunguza kutoka damu, ila huweza kuacha alama. Chenye kikonyo chembamba, kama hiki cha kope, nakikata kwa ganzi. Na nikiwa na shaka nakata pia, maana kilichokatwa hupimwa maabara. Kikishaungua, utapima nini?"

"Na kovu hili?"

"Sindano zitalipunguza. Kuliondoa kabisa, siwezi kukuahidi."

Mshonaji alilia palepale kitini.

Cha kope kilikatwa, pakapona vizuri, hata yeye haoni kilipokuwa. Shingoni anafunga kitambaa, hata kukiwa na joto.

Miezi ikapita. Wifi akaja, sauti chini.

"Nisindikize kwa daktari wako. Kwapani nimeota kitu, kinakua upesi. Mwenzio naogopa kujiharibia ngozi."

Kujiharibia ngozi! Mshonaji alitamani kumwambia aende peke yake, au akanunue chupa nyingine. Lakini kinachokua haraka hakingojei, hata kikiwa kwa wifi. Alifunika cherehani, akachukua mkoba.

"Twende. Ila ukifika utamwambia daktari, kwa mdomo wako, ile dawa ulinunua kwa nani. Huenda bado anaiuza."

Mbele ya daktari wifi alisema yote, macho yake sakafuni. Samahani hakusema, na mshonaji aliacha kuingoja.