Uso wa Mpiga Tarumbeta

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, bango la mita mbili lilitoka kwenye mashine likiwa na picha ya kiatu kisicho na kingo. Duka la uchapaji lilikuwa limefurika: watu wa kadi za harusi, watu wa mihuri, mwalimu aliyekumbatia mitihani ya darasa zima. Mwenye bango alijipenyeza hadi kaunta. Alivaa gauni la njano lililofika magotini, na penseli aliichomeka kwenye nywele.

"Mashine yenu inahitaji miwani," alisema.

Fundi wa mashine hakuwa mtu wa kujibu mashtaka bila ushahidi. Wenzake walimwita Nukta, kwa sababu hakuchapa picha yoyote kabla ya kuhesabu ina nukta ngapi katika kila inchi. Alimgeuzia skrini.

"Mashine inaona vizuri, dada. Wewe ndiye msanifu wa picha hii?"

"Ndiye mimi."

"Umeitoa kwa nukta sabini na mbili kwa inchi. Kwenye simu inafaa. Hapa ni kama kijiko kimoja cha siagi kwenye mikate kumi."

"Kwangu inaonekana safi."

"Kwako kiatu kina ukubwa wa kiganja. Hapa kina ukubwa wa mlango."

Msanifu alikitazama kiatu cha bangoni. "Kweli, kinaonekana kama kimevuka mto."

"Kiko katikati bado. Hakijafika ng'ambo."

Alicheka, akaondoka, akarudi alasiri na faili lililo sawa. Wiki iliyofuata alileta jingine ambalo halikuwa na kasoro yoyote, akakiri hivyo mwenyewe kabla hajaulizwa. Baada ya miezi mitatu, dada wa kaunta alikuwa ameacha kumuuliza anamtafuta nani.

"Umekula?" Nukta alikuwa akimuuliza kwenye simu kila adhuhuri.

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nikikuona ndiyo nashiba."

"Hiyo umeitoa kwa nukta ngapi?"

"Mia tatu, mpenzi. Haina ukungu."

Kisha akaja mpiga tarumbeta.

Ukumbi wa muziki ulimpa msanifu kazi ya mabango tisa ya msimu mzima, kwa sharti kwamba la kwanza lipite. La kwanza lilikuwa la mpiga tarumbeta: mwanamume mrefu, suti rangi ya maziwa, viatu ambavyo mlio wake ulitangulia kufika kuliko yeye. Msanifu alimchora kwa wiki tatu. Sentensi zake zikaanza kufuata mtindo mmoja. Mpiga tarumbeta anasema. Mpiga tarumbeta hapendi. Jumanne moja Nukta alizihesabu kati ya chai na kuagana, zilikuwa saba.

"Kope zake umezichora zote?" aliuliza siku alipoonyeshwa kazi.

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Moja moja?"

"Unaniuliza habari za kope au habari za mtu?"

"Za kope."

"Basi jicho la kushoto lina arobaini na moja. Umeridhika?"

Hakuridhika. Yeye pia aliwahi kuchorwa, siku ya kuzaliwa kwake, kwa dakika kumi, akatumiwa kwenye simu. Ukiivuta picha ile ikue, pua inayeyuka. Alijua kwamba kulinganisha kitu cha kazi na kitu cha kuchekesha si haki. Alilinganisha hata hivyo, mara mbili kwa siku.

Ijumaa, saa nane na dakika ishirini mchana, faili la bango lilifika. Nukta alilifungua, na haikumchukua hata dakika kuelewa kilichotokea. Msanifu alikuwa ametoa kwanza nakala ndogo ya kumwonyesha mtu kwenye simu. Programu ya kuchorea hukumbuka kipimo cha mwisho. Usipokibadilisha, kazi kubwa hutoka kwa kipimo kilekile kidogo. Kila msanifu hufanya kosa hilo walau mara moja, na ndiyo maana ukutani kulikuwa na karatasi aliyoiandika Nukta mwenyewe: faili lisilofikia kipimo halichapwi kabla mwenyewe hajapatikana kwa simu.

Akapiga kwa simu ya duka.

"Halo," ilijibu sauti nzito ya kiume.

"Namtafuta mwenye simu."

"Mikono yake ina kazi sasa hivi. Nimwambie nani?"

Nyuma ya sauti ile kilisikika kicheko alichokijua, kisha maneno: "Shikilia hapohapo, usiniachie."

"Si mtu," alisema Nukta, akakata.

Dada wa kaunta alimtupia jicho. "Kaka, mbona unaitazama simu kana kwamba imekutukana?"

"Nachapa."

"Sijakuuliza unafanya nini."

Mashine ilifanya kazi nusu saa. Uso wa mpiga tarumbeta ulishuka polepole kutoka kwenye rola, paji kwanza. Mashavu yalikuwa vipandevipande kama ukuta wa matofali usiopigwa lipu. Kope zote, pamoja na ile ya arobaini na moja, zilikuwa doa. Nukta alifurahi. Kwa makadirio yake furaha ile ilidumu dakika nne. Mpeleka mizigo alipolichukua bango alikaa kitambo mlangoni akihangaika na kamba ya helmeti yake, na muda huo ungetosha kumwita arudi. Nukta hakumwita.

Saa kumi na nusu msanifu aliingia, bango kwapani. Gauni lake la bluu lilikuwa na vumbi jeupe la ukuta mabegani.

"Nimekuaibisha," alisema.

Nukta alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi. Hilo halikuwamo.

"Nimetoa faili kwa kipimo cha simu," aliendelea. "Meneja wa ukumbi amelikunjua mbele ya kila mtu. Amesema kesho saa tatu akikuta kitu kama hiki ukutani, yale manane atampa mwingine. Na jina la duka lenu liko pale chini kwenye kona. Nisamehe, mpenzi."

Ukweli wa jambo lile ulikuwa kwa mtu mmoja tu. Akinyamaza, angemsamehe msanifu kwa kosa la Nukta mwenyewe, na msanifu angemshukuru. Nukta alikikunja kitambaa cha kufutia wino, akakikunjua.

"Si wewe peke yako," alisema. "Niliona kabla ya kuchapa."

"Uliona nini?"

"Zilikuwa nukta sabini na mbili. Nilijua litatokaje."

"Na hukunipigia."

"Nilipiga. Akapokea yeye. Nikakusikia unacheka. Nikakata, nikachapa."

Msanifu aliliweka bango juu ya meza, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Nilikuwa juu ya ngazi, Nukta, napima ukuta. Yeye alishika ngazi kwa mkono mmoja na simu yangu kwa mwingine. Mimi ndiye niliyemwambia apokee. Nilisema huenda ni wewe."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Wewe, unayeuliza hata picha ya kitumbua ina nukta ngapi."

"Anakutaka yule."

"Ananitaka. Ameniomba mara mbili twende tukale. Mara mbili nimemjibu nina mtu." Alivuta pumzi. "Wivu hata mimi ninao. Kuna dada mmoja, mteja wako wa kadi, kila Alhamisi anakuja kubadilisha rangi ya waridi kwa rangi ileile ya waridi. Nimewahi kukaa hapo nje nikimhesabia dakika. Lakini sikumharibia kadi zake."

Dada wa kaunta aliinama kutafuta kitu chini ya kaunta, akakawia huko.

"Ulitaka kuharibu uso wake," alisema msanifu. "Umeharibu mkono wangu."

Nukta alilikunja bango lile. "Kazi yenyewe, ile uliyoichora kwa ukubwa wote, iko wapi?"

"Nyumbani."

"Ilete. Nitachapa leo."

Alikwenda peke yake, akarudi saa kumi na mbili kasoro robo. Walikaa mbele ya skrini moja, kiti kitupu katikati yao. Nukta alisoma, msanifu akabonyeza.

"Ukubwa."

"Halisi."

"Nukta kwa inchi. Bango la kutazamwa kutoka mbali, mia na hamsini zinatosha."

"Usinipunguzie."

"Mia tatu, basi."

Safari hii uso ulishuka ukiwa mzima. Kingo za tarumbeta zilikata kama wembe. Nukta alizihesabu kope za jicho la kushoto. Zilikuwa arobaini na mbili. Akatambua kwamba siku ile alijibiwa kwa hasira, si kwa hesabu.

Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, alilibeba mwenyewe hadi ukumbini. Viti vilikuwa vyekundu na sakafu ilinuka dawa ya kung'arishia. Meneja, mama wa makamo mwenye miwani yenye mnyororo, alikuwa amefika. Mpiga tarumbeta naye alikuwapo, suti rangi ya maziwa, anafuta chombo chake kwa kitambaa. Msanifu alisimama kando, mikono kifuani. Nukta alizungumza kabla ya kuulizwa.

"Kosa la jana ni langu. Faili lilikuja likiwa dogo, nikaliona. Kanuni yetu ni kumpigia msanifu mpaka apatikane. Sikuifuata."

"Kwa nini?" aliuliza meneja.

"Kwa wivu."

Meneja alivua miwani. Miaka yote aliyofanya kazi na wachapaji alikuwa amekwisha kusikia habari za umeme, za wino, na za karatasi iliyochelewa bandarini. "Hilo ndilo jibu lako?"

"Ndilo la kweli, mama."

"Basi na langu ni hili. Mabango manane atachora dada huyu. Yatachapwa kwingine."

"Sawa."

Mpiga tarumbeta aliacha kufuta. Alimgeukia msanifu. "Ni huyu aliyesema si mtu?"

"Ni huyu."

"Ni nani wako hasa?"

"Mchumba wangu."

Nukta alilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, sawa na mpiga tarumbeta. Wanaume wawili walimtazama.

"Tangu lini?" aliuliza mpiga tarumbeta.

"Mwulize mwenyewe. Mimi nimemkasirikia. Sisemi naye mpaka bango liwe ukutani."

Wakalitundika wao wawili, kila mmoja juu ya ngazi yake, uso mkubwa katikati yao.

"Nimetoka vizuri," alisema mpiga tarumbeta.

"Ni yeye aliyekuchora."

"Najua, bwana. Ndiyo maana nilimwomba. Inua kidogo upande wako."

Nukta akainua.

Nje, kwenye vidato vya ukumbi, msanifu alikung'uta vumbi sketi yake.

"Umesema mchumba," alisema Nukta.

"Nilikuwapo. Nilijisikia nikisema."

"Sijakuposa."

"Uzembe huo nao si wangu."

"Bado umekasirika?"

"Sana. Hasira nimeipa wiki mbili, na ukizungumza vibaya naongeza. Lakini wewe hata chai ikikuunguza ulimi husemi. Leo umesema 'kwa wivu' mbele ya watu watatu, mmoja wao yeye." Alitazama barabarani. "Mama yupo nyumbani Jumapili baada ya saa tisa. Njoo na mtu mzima wa kukusemea. Nimeshampigia, anajua kila kitu."

"Kila kitu?"

"Mimi simfichi mama."

Jumapili, saa kumi kamili alasiri, Nukta alisimama mbele ya mlango wa kijani, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola, baba yake mdogo kando yake. Baba mdogo alibisha. Saa kumi na dakika moja mama yake msanifu alifungua, akawatazama viatu, kisha nyuso.

"Karibuni," alisema. "Ni yupi kati yenu mwenye wivu?"

"Ni mimi, mama," alisema Nukta, akavua viatu, akaingia.